Wimbo Ambao Tusekile Hakuupiga

Siku mama yake alipoolewa kwa mara ya pili, Tusekile alikuwa Mwezini, amekaa kitako kwenye sakafu ya chumba cha mazoezi, kishikwambi mapajani, akimsubiri mchumba wa mama yake achomeke waya mahali pake.

"Huu mweusi?" aliuliza Mzee Ambokile, akiuinua waya mbele ya kamera.

"Huohuo, mzee. Uingie nyuma ya miksa, tundu la kushoto."

Maneno yake yaliondoka Mwezini, yakasafiri sekunde moja na kitu, yakafika kwenye ukumbi wa kanisa pale Tukuyu. Jibu nalo lilihitaji muda uleule kurudi. Katikati palibaki ukimya mdogo, na watu wengi wa duniani hawakuuweza. Waliujaza kwa "haloo, haloo" mpaka maneno ya pande zote mbili yakagongana. Ambokile hakuwa na shida hiyo. Maisha yake yote alikuwa daktari wa mifugo, na alikuwa na subira ya mtu aliyezoea wagonjwa wasiosema wanaumwa wapi.

"Umeingia," alisema hatimaye. "Umekubali wenyewe, sikuusukuma."

Tusekile akacheka bila kutaka. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua kwa mzee huyu. Alikuwa amejiandaa kumchukia, na kila alipoanza, mzee alisema kitu kama hicho.

"Sasa nieleze," Ambokile aliendelea, akiinama kuitazama laptopu juu ya meza. "Wewe uko huko, umeshika hicho kishikwambi. Ukigusa kitufe, muziki wa huku utageuka baada ya muda. Watu watakuwa wameshakanyagana."

"Wangekanyagana kweli. Ndiyo maana kuna Mtangulizi."

"Nani huyo?"

"Programu, mzee. Iko humo kwenye laptopu. Imeusoma mkono wangu: harusi zote nilizopiga Mbeya, na mazoezi yote ninayofanya kwenye kishikwambi hiki. Nikishika hapa, inajua nitaelekea pale. Kwa hiyo inatangulia kufanya, halafu amri yangu ikifika inalinganisha. Kama imekosea, inajirekebisha kabla mtu hajagundua."

"Hukosea sana?"

"Mara chache. Mimi ni mtu wa mazoea."

Ambokile akatikisa kichwa taratibu. "Na mawasiliano yakikatika?"

"Itaendelea peke yake, kwa kadiri inavyonijua, mpaka nirudi. Unaiona taa ndogo pembeni? Ikiwa ya kijani, nipo. Ikiwa nyekundu, sipo."

"Basi nitakuwa nakuangalia," alisema mzee, na akaigeuza laptopu kidogo ili taa ile aione hata akiwa ameketi meza kuu.

Zamani, kabla ya kuwa fundi wa mitambo ya kuyeyusha barafu ya Mwezini, Tusekile alikuwa DJ wa harusi. Alipiga kumbi zote za Mbeya, kuanzia zenye viyoyozi mpaka zenye mbuzi wanaoingia na kutoka. Kwa hiyo mama yake, Subilaga, alipotangaza kwamba anaolewa akiwa na miaka sitini na mbili, hakutaka kusikia habari za DJ mwingine. Aliambiwa binti yuko mbali. Akajibu kwamba simu inafika huko, basi na muziki utoke huko.

Sasa Subilaga mwenyewe akaingia kwenye picha, gauni la rangi ya maziwa mwilini, kandambili miguuni, viatu mkononi.

"Shikamoo mama. Umependeza."

Ukimya. Kisha uso wa mama ukafunguka. "Marahaba mwanangu. Hivi viatu vimetengenezwa na mtu asiyeogopa Mungu. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mama, leo ni harusi yako."

"Najua ni harusi yangu. Nimeuliza umekula nini." Lakini hakungoja jibu. Aliweka viatu mezani, akasogea karibu na kamera mpaka kipaji cha uso kikawa kikubwa kuliko kila kitu, akashusha sauti. "Jambo moja, ili baadaye usilisikie kwa watu. Nimemwambia Ambokile kwamba kwanza sihamii kwake. Ile nyumba ni ya baba yako, na ni yako. Siku utakaponiambia kwa mdomo wako kwamba umefurahi mimi kuolewa, siku hiyo nitafunga vyombo. Kabla ya hapo, yeye atakuwa anakuja kunitembelea kama kijana."

"Nimekubali," sauti ya Ambokile ilitoka nyuma. "Nina pikipiki."

Tusekile alifungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa dogo, hata mtoto angelisema. Lakini aliiona ile sebule ya Tukuyu, kiti cha baba yake karibu na dirisha, na baba yake Lusekelo akiwa ameinamia gitaa kana kwamba analisikiliza mapigo ya moyo. Miaka mitano tangu wamzike. Neno likakataa kutoka.

"Tutaongea baada ya harusi, mama," alisema.

Alilazimika kuutazama uso wa mama ukiwa bado unangoja, ukiwa bado na tumaini, kwa muda wote ambao jibu lile lilikuwa safarini. Kisha akauona ukilipokea.

"Haya," alisema Subilaga, akavichukua viatu vyake.

*

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao Tusekile aliuweka kwenye muziki wa harusi, akautoa, akauweka, akautoa tena.

Uliitwa "Chai ya Saa Kumi." Baba yake aliutunga walipokuwa wachumba, yeye mpiga gitaa wa bendi ndogo ya dansi, Subilaga muuza duka la vitambaa aliyefunga duka kila saa kumi alasiri kwenda kunywa chai naye. Waliurekodi siku moja kwenye chumba chenye mwangwi. Redio haikuujua. Pale nyumbani tu ndipo ulipopigwa, na Tusekile alijifunza kutembea ukiwa unalia.

Alipofanya mazoezi ya harusi, kila alipofika katikati alikuwa akiuandaa chini ya wimbo mwingine, akiulinganisha mwendo, kidole kikiwa juu ya kile kitelezi cha kuvusha sauti kutoka wimbo huu kwenda ule. Na kila mara, kabla hajakisukuma, alikiondoa kidole. Alijiuliza angekuwa anasema nini kwa kuupiga. Kwamba baba amesahaulika na sasa ni burudani? Au angekuwa anamtonesha mama kidonda mbele ya mume mpya? Mwisho aliufuta kwenye mpango wote, akajiambia basi.

Harusi ilianza vizuri. Nekesa, fundi wa mawasiliano wa kituo, binti wa Bungoma mwenye kicheko cha kupasua ukuta, alikuja kukaa kando yake na bakuli la njugu.

"Wee! Huyo ndiye mamako?" alisema maharusi walipoingia. "Na huyo mzee anavyotembea! Kama amekuja kuchukua cheti."

Mikono ya Tusekile ilikuwa kazini. Aliteremsha besi, akaacha vigelegele vya akina mama wa kwaya vipate nafasi, akairudisha besi pale pale bwana harusi alipokanyaga mbele ya jukwaa. Kwenye picha iliyomfikia ikiwa imechelewa, aliona ukumbi ukiinuka kama alivyotaka uinuke. Mara mojamoja alihisi kitu cha ajabu, kwamba watu walikuwa wameshacheza kabla yeye hajaamua. Mtangulizi alikuwa mbele yake kwa nusu hatua, akiweka nyayo, naye akija nyuma anazijaza.

Kisha mvua ikaja. Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Kwanza sauti ya bati ikafunika nusu ya muziki, halafu picha ikapasuka vipande vya mraba, halafu kioo kikawa cheusi.

"Nekesa."

"Nimeona." Nekesa alikuwa ameshasimama, bakuli likielea polepole kuelekea sakafuni, njugu zikifuata kwa uvivu wa Mwezini. "Ni mvua. Mawimbi haya yanamezwa na maji. Ngoja nitafute njia nyingine, kuna kituo upande wa Dodoma."

"Muziki umekatika?"

"Hapana, programu yako iko kwao, si kwetu. Itakuwa inaendelea."

Tusekile alibaki ameshika kishikwambi kisichomsikiliza. Alikigusa mara mbili, mara tatu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo wenyewe wameshahama. Aliwaza ukumbi ule ukicheza bila yeye, na akaona wivu, halafu akaona aibu kuona wivu.

Nekesa alipoipata njia, picha ilirudi ghafla na sauti ikafuata. Tusekile alitazama, asielewe anachokiona. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa kawaida, wa kuchangamsha, lakini hakuna aliyeucheza. Mama yake alikuwa katikati, viatu amevua, mashavu yamelowa, ameushika mkono wa Ambokile kwa mikono yake yote miwili. Mtu akampa kipaza sauti.

Tusekile akapunguza muziki haraka.

"Tusekile mwanangu," alisema Subilaga, akiangalia juu kwenye kioo kikubwa ambapo uso wa binti yake ulikuwa umerudi. "Nilikuwa nangoja neno. Umeniletea zaidi ya neno. Picha yako ilikatika, lakini wewe nimekusikia, na ninaamini baba yako naye amesikia." Akawageukia watu. "Mwanangu amenibariki! Alhamisi nahama!"

Vigelegele vikapanda mpaka spika zikakoroma. Tusekile alitabasamu, kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama. Hakujua ametoa baraka gani.

*

Alijua baada ya harusi, walipoiomba laptopu ya ukumbini iwatumie sauti iliyorekodiwa wakati mawasiliano yamekatika. Walisikiliza wote wawili, yeye na Nekesa, wakigawana kisikilizio kimoja.

Kwanza mvua. Chini ya mvua, wimbo wa harusi aliouacha ukipigwa. Kisha besi ikatolewa taratibu, na gitaa moja likaachwa likae peke yake kwa urefu wa pumzi, kwa namna ambayo yeye Tusekile hufanya anapotaka watu wainue vichwa. Na kutoka chini, kwa mwendo uleule, bila mkwaruzo, ukaingia "Chai ya Saa Kumi."

Mtangulizi alikuwa ameyasoma mazoezi yote, na wimbo wenyewe, ingawa ulifutwa kwenye mpango, ulikuwa bado umo kwenye laptopu. Mara zote aliona kidole kikienda kwenye kitelezi, kikafika, kikaondoka. Alipoachwa peke yake alikisukuma.

Walisikia ukumbi ukinyamaza. Walisikia mtu, bila shaka mama, akisema "Jamani." Halafu hawakusikia kitu kingine ila sauti ya kijana ya Lusekelo na mvua.

Tusekile akakitoa kisikilizio sikioni.

"Usilie," alisema Nekesa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anapangusa pua.

"Si mimi niliyeupiga."

"Basi ni nani? Mimi siwezi kuingiza wimbo hivyo. Hiyo mashine haijui chochote isipokuwa wewe. Ni mkono wako, Tuse."

"Mkono wangu niliuzuia. Niliamua usipigwe."

"Na ulijifunza kuupiga."

"Kujifunza si kuamua!" Alisema kwa ukali zaidi kuliko alivyokusudia, kisha akashusha sauti. "Anahama nyumba kwa ajili ya hili, Nekesa. Alisema hatahama mpaka nimwambie nimefurahi. Sijamwambia. Mashine ndiyo imemwambia."

Nekesa alifikiri. "Sikiza. Mamako amefurahi. Ukimwambia, unamnyang'anya. Utakuwa umempa nini badala yake? Ukweli? Atakula ukweli?"

Tusekile akarudi kazini. Siku zilizofuata aliyeyusha barafu, akabadilisha vichujio, akala, akalala, na kila alipofumba macho alisikia "mwanangu amenibariki."

Jumanne Ambokile alimpigia simu, peke yake. Alikuwa amesimama nje, nyuma yake migomba inadondosha maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sitakuchosha. Nimepiga kukwambia kitu kimoja ili usikae nacho peke yako." Akageuka kutazama kama kuna mtu karibu. "Ile taa ilikuwa nyekundu."

Tusekile akafunga mlango wa chumba chake.

"Nilikuwa naiangalia kama nilivyokuahidi," aliendelea mzee. "Mvua ilipoanza ikawa nyekundu. Ule wimbo ulipokuja, bado ilikuwa nyekundu. Kwa hiyo najua hukuwepo. Mama yako hajui, na mimi sijamwambia. Si jambo langu kulisema. Ni lako."

"Mzee, mimi... nakuomba radhi. Ile ilikuwa harusi yako. Wimbo wa mwanamume mwingine."

Tusekile alingoja, akiutazama uso wa mzee. Mzee hakukunja uso.

"Nitakusimulia ilivyokuwa, maana hukuona. Wimbo ulipoanza, mama yako aliniachia mkono. Akacheza peke yake, taratibu, macho amefumba. Watu wakaanza kunitazama mimi. Nikajiuliza, nikae? Nitoke? Nilikuwa kama ng'ombe aliyeingia sebuleni. Halafu bila kufumbua macho akaninyooshea mkono. Nikaenda. Tukacheza mpaka mwisho." Akapangusa maji kwenye paji la uso. "Sikuona wivu, mwanangu. Mtu aliyemtungia mke wangu wimbo kama ule, nitamkataaje? Alinitunzia vizuri."

Tusekile alijifuta macho kwa mkono wa nguo. Mzee, kwa kudhani pengine ni umbali, alisubiri.

"Mzee," alisema mwishowe, "nikimwambia, huenda asihame."

"Huenda."

"Na wewe?"

"Mimi nina pikipiki," alisema Ambokile.

*

Alhamisi asubuhi, Tusekile alipopiga, simu ilipokelewa katikati ya makelele. Mama yake alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Nyuma yake sebule ilikuwa imejaa maboksi, magodoro yamekunjwa, masufuria yamefungwa kwa khanga. Spika za harusi na laptopu vilikuwa bado pembeni, havijarudishwa vilikoazimwa. Nje pikapu ilikuwa inapiga honi.

"Mwanangu! Afadhali umepiga. Hili kabati la vyombo nilichukue au nikuachie?"

"Mama, kaa kwanza."

Subilaga alipolipokea lile neno, aliutazama uso wa binti yake na akakaa juu ya boksi bila kuuliza. Mama mtu hujua sauti ya aina hiyo.

Tusekile alimwambia. Alimwambia habari za mvua, na taa nyekundu, na mashine iliyosoma mazoezi. Alimwambia kwamba wimbo aliuandaa na akaufuta. Alisema yote kwa pumzi moja, maana alijua akisimama atatazama uso wa mama na hataendelea. Alipomaliza, alihesabu kimoyomoyo muda wa maneno kwenda na muda wa jibu kurudi. Muda huo ukapita. Jibu halikuja. Ukimya ule haukuwa wa umbali.

"Kwa hiyo nimewaambia watu wote uongo," alisema Subilaga hatimaye. "Kanisa zima. Nimesimama na kipaza sauti, nimesema mwanangu amenibariki. Kumbe kimenibariki kidude."

"Mama—"

Lakini Subilaga alikuwa ameshainuka. Akatoka kwenye picha. Tusekile akabaki anatazama boksi alilokuwa amelikalia mama, na ukuta wenye alama nyeupe mahali picha zilipokuwa zimening'inia. Alisikia mlango wa jikoni. Alisikia honi tena, na sauti ya mama yake ikimfokea mwenye pikapu anyamaze. Alifikiri labda Nekesa alikuwa amesema kweli. Alifikiri labda amemvunja moyo mtu ambaye hakuwa mbele yake hata amshike bega.

Mama alirudi. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikaa wima.

"Nakuuliza, nawe unijibu kama nilivyokulea. Umefurahi mimi kuolewa?"

"Bado, mama."

Alilitazama neno likienda. Ilikuwa safari ndefu kuliko zote.

"Bado?"

"Bado. Nampenda yule mzee, sijui amefanyaje, lakini nampenda. Nikikufikiria wewe na yeye, nafurahi. Nikiifikiria hiyo sebule bila baba na bila wewe, siwezi. Sijafika. Sikutaka nikudanganye kwamba nimefika."

Subilaga alivuta kitambaa cha kichwani, akajifuta uso wote, akakirudisha.

"Ungesema hapana, ningefungua haya maboksi," alisema. "Mtu anayesema bado yuko njiani anakuja. Nitakungoja." Akakaza fundo la kitambaa. "Na mimi nilikosea. Mwanamke mzima nimekaa namngoja mtoto aniruhusu kuhamia kwa mume wangu. Ulikuwa mzigo wangu, nikakutwisha wewe, tena uko huko peke yako kwenye giza. Nautua. Nahama leo, si kwa sababu ya wimbo wala ya mtu. Nahama kwa sababu namtaka yule mzee, na pikipiki yake inanipigia kelele kila asubuhi."

Tusekile alicheka, machozi yakimtoka. Kwa uvivu wa Mwezini, yalikaa mashavuni kabla ya kushuka.

"Na jambo la pili," mama alisema, akimnyooshea kidole. "Ule wimbo baba yako alinitungia mimi. Si wewe. Siku nyingine ukitaka kuuficha, uje uniombe ruhusa."

"Nisamehe mama."

"Nimekusamehe zamani. Ambokile! Njoo, tumalize na haya magodoro." Akaitazama laptopu pembeni, akaitazama tena kamera. "Hicho kidude bado kimo humu?"

"Kimo."

"Kizime. Tupigie wewe mwenyewe, tubebe vyombo."

"Mama, bila Mtangulizi haitawezekana. Nikigusa hapa, huko kunachelewa. Ninachosikia mimi kimeshapita. Nitakuwa napiga kama kipofu."

"Harusi imekwisha. Nani atakukosoa?"

Tusekile akamzima Mtangulizi. Akachagua wimbo wa kwaya wenye mwendo wa haraka, akausukuma, akangoja mpaka akausikia ukiingia sebuleni kule Tukuyu. Akaandaa wa pili, wa dansi, akakisia, akasukuma kitelezi. Alikosea vibaya. Ngoma mbili zikagongana kama wapishi wawili wanaokoroga sufuria moja, zikakimbizana, ya kwanza ikakatika katikati ya neno, na ya pili ikabaki peke yake ikishangaa. Ambokile, aliyekuwa anapita na godoro kichwani, aliruka hatua mbili kuufuata mwendo wa kwanza, akakosa, akatafuta wa pili, akakosa nao, akasimama mlangoni na godoro lake, akingoja muziki uamue.

Subilaga alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huo umeupiga wewe?" aliuliza alipopata pumzi.

"Nimeupiga mimi, mama."

"Nimejua," alisema, huku akiinua masufuria na kuanza kucheza nayo kuelekea mlangoni. "Ongeza sauti."